Mpagazi, Mpiga Lokole na Mkalimani: Kazi za Watu na Kazi za Mashine katika Historia ya Kisangani

1.0 Utangulizi

Swali la kazi zipi ziachiwe mashine na zipi zibaki mikononi mwa watu limerudi kwa nguvu tangu mwishoni mwa mwaka 2022, wakati programu za akili bandia zenye uwezo wa kuandika, kutafsiri na kujibu maswali zilipoanza kutumiwa na watu wa kawaida. Mara nyingi swali hilo hujadiliwa kana kwamba ni geni, na kana kwamba lilizaliwa katika miji ya Marekani na Ulaya. Ukweli ni kwamba mji wa Kisangani umekwisha kulijibu zaidi ya mara moja, ingawa wenyeji wake hawakuulizwa kila mara, na majibu yenyewe hayakuwa mema yote.

Makala haya yanachunguza kazi tatu zilizokuwa na nafasi kubwa katika historia ya eneo ambalo tangu mwaka 2015 linaitwa Mkoa wa Tshopo. Kazi hizo ni upagazi, upigaji wa lokole na ukalimani. Ya kwanza ilichukuliwa na reli. Ya pili ilichukuliwa na barua, simu na redio. Ya tatu ndiyo inayogombewa leo na akili bandia. Hoja inayotetewa ni kwamba uwezo wa mashine hautoshi kuwa kipimo cha kuamua. Kazi inayomfanya binadamu kuwa chombo inastahili kupewa chombo. Kazi ambayo mtendaji wake anapaswa kuulizwa na kujibu haiwezi kuondolewa kwa mtu bila kumdhuru yule anayehudumiwa. Aidha, kazi nyingi zina pande hizo mbili kwa pamoja, na hasara kubwa hutokea pale zinapong'olewa bila kwanza kutenganishwa.

2.0 Upagazi: mzigo uliostahili kuondoka begani

Kati ya Ubundu na Kisangani mto hushuka kwa maporomoko saba katika masafa ya kilomita 100 hivi. Hakuna merikebu inayoweza kupita. Henry Morton Stanley alipofika hapo Januari 1877, watu wake walilazimika kukata njia msituni na kuikokota mitumbwi pembeni mwa maji. Kwa miaka karibu thelathini iliyofuata, mizigo mikubwa iliyotoka au kwenda Lualaba ya juu haikuwa na njia ya kuyavuka maporomoko ila kwa mikono na mabega ya watu.

Umuhimu wa mabega hayo ulionekana waziwazi mwaka 1887. Mwezi Februari wa mwaka huo, huko Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Katika mapatano hayo aliahidi pia kumpatia Stanley wapagazi 600 kwa safari ya kumwokoa Emin Pasha. Kikosi cha nyuma cha safari hiyo kilikaa Yambuya, kando ya mto Aruwimi, kikiwasubiri. Wapagazi walikawia mwaka mzima, na wale waliofika mwaka 1888 hawakutimia. Walipofika, ulizuka ubishi kuhusu uzito wa mizigo. Wakati huohuo njaa na maradhi viliwaua wengi kambini, na Meja Barttelot, mkuu wa kikosi, aliuawa karibu na Banalia mwezi Julai 1888. Safari iliyokuwa na bunduki, baruti na fedha za Ulaya ilikwama kwa kukosa watu wa kubeba.

Ubishi kuhusu uzito wa mizigo unastahili kuzingatiwa. Unaonyesha kwamba, hata katika mfumo uliokuwa na watumwa wengi, mzigo ulikuwa jambo la kujadiliwa, na kwamba kulikuwa na mtu wa kusema kuwa umezidi. Nafasi hiyo ya kubishana ilififia sana Dola Huru ya Kongo ilipojiimarisha baada ya vita vya 1892 hadi 1894. Upagazi uliingizwa katika kodi iliyolipwa kwa nguvu za mwili. Amri ya mwaka 1903 iliweka kiwango cha saa 40 za kazi kwa mwezi, lakini kwenye njia za msituni aliyehesabu saa hizo alikuwa yuleyule aliyedai kazi.

Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL, iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1906 reli ya kilomita 125 hivi kati ya Stanleyville na Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, ilifunguliwa. Katika sehemu hiyo garimoshi lilichukua kazi ya mpagazi. Hakuna sababu ya kuililia kazi hiyo. Haikuwa na ujuzi ambao mzigo ulihitaji kutoka katika moyo wa mbebaji. Kilichohitajika ni shingo, mgongo na miguu yake, na vitu hivyo vilichakaa upesi kuliko chuma. Ikiwa ipo kazi iliyostahili kuachiwa mashine, basi ni hii.

Hata hivyo, historia ya reli hiyo ina mafunzo mawili yasiyopaswa kusahauliwa. La kwanza ni kwamba mashine haikuondoa jasho, bali ilihamisha mahali pa jasho. Miti ilikatwa, tuta lilijazwa na vyuma vililazwa kwa mikono ya watu, na wengi kati yao hawakuja kwa hiari. Miaka kumi baadaye, katika vita vya 1914 hadi 1918, maelfu ya wapagazi wa Kongo walibebeshwa tena mizigo ya jeshi hadi Tabora, kwa sababu huko mbele reli haikuwafuata askari. La pili ni kwamba mashine inayomilikiwa na wachache inaweza kuondoka kama ilivyokuja. Reli ilipodhoofika katika miaka ya mwisho ya karne ya 20, na vita vya kuanzia 1996 vilipokata barabara na mto, mzigo ulirudi kwa binadamu. Ndipo baiskeli za toleka, jina litokanalo na neno la Kilingala lenye maana ya “tupite”, zilipokuwa uti wa mgongo wa Kisangani. Vijana walibeba abiria, mihogo, mafuta ya mawese na wagonjwa. Baadaye pikipiki zilichukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa hiyo kusema kwamba kazi fulani “imekwisha” kwa sababu mashine imefika ni kusema mapema mno.

3.0 Mpiga lokole: sauti na maana

Kazi ya pili ni ya namna nyingine kabisa. Miongoni mwa Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni wanaokaa kuanzia jirani ya Kisangani hadi Isangi na zaidi, habari zilisafirishwa kwa lokole, yaani gogo la mti lililochimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba. Midomo miwili ya ufa huo hutoa sauti mbili, moja ya juu na nyingine ya chini. Usiku, juu ya maji yaliyotulia, sauti hiyo huweza kusikika umbali wa kilomita kumi hivi. Kijiji kinachofuata hupokea na kupeleka mbele. Kwa njia hiyo vifo, ndoa, kuwasili kwa merikebu na wito wa mikutano vilijulikana kabla ya mjumbe yeyote kufika kwa miguu.

Mtu aliyeichunguza sanaa hii kwa makini zaidi ni John Carrington, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Yakusu, kilomita 20 hivi chini ya Kisangani, mwaka 1938. Mwaka 1949 alichapisha vitabu viwili juu ya lugha za magogo ya Afrika ya Kati, na baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Kisangani. Carrington alionyesha kwamba lokole haitumii alama za siri zilizobuniwa, kama zilivyo alama za telegrafu. Lokole huiga toni za maneno yenyewe. Kilokele ni lugha ya toni, ambapo neno lisaka, kwa mfano, huweza kumaanisha dimbwi, ahadi au sumu kufuatana na kupanda na kushuka kwa sauti.

Hapo ndipo ujuzi wa mpigaji ulipolala. Gogo hutoa toni bila konsonanti wala vokali, na maneno mengi yana toni zinazofanana. Neno la mwezi na neno la kuku, yakipigwa peke yake, hayatofautiani. Mpigaji hupiga basi kifungu kizima: kuhusu mwezi husema kwamba unaitazama dunia kutoka juu, na kuhusu kuku husema kwamba ni yule mdogo anayelia kiokio. Ujumbe huwa mrefu mara nyingi kuliko usemi wa kawaida, lakini shaka huondoka. Hali kadhalika, jina la mtu katika lokole lilikuwa na jina lake, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Mtu aliyeitwa kwa lokole hakuweza kuchanganywa na mwingine.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba mwaka 1948, mwaka mmoja kabla ya vitabu vya Carrington, mhandisi wa Kimarekani Claude Shannon alieleza kwa hesabu kile ambacho wapigaji wa Isangi walikuwa wakikitenda tangu zamani: kwamba ujumbe unaopita katika kelele unahitaji ziada ya maneno ili ufike salama. Katika andishi hilohilo Shannon alionyesha pia jinsi ya kutunga mfuatano wa maneno ya Kiingereza kwa kufuata tu uwezekano wa neno moja kulifuata jingine. Wazo hilo la pili ni babu wa programu zinazoandika leo. Tofauti kati ya mawazo hayo mawili itaonekana katika sehemu ya nne.

Lokole haikukatazwa kwa siku moja. Iliachwa pole pole. Merikebu, posta, telegrafu, na baadaye redio za mawasiliano zijulikanazo mjini kwa jina la fonia, zilichukua kazi ya kupeleka habari. Vijana waliosoma walitamani nafasi ya ukarani. Patrice Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta Stanleyville kabla ya kuingia katika siasa na kuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1960. Carrington aliona kwa masikitiko kwamba wavulana wa shule hawakuwa tena na hamu ya kujifunza majina yao ya lokole.

Je, mashine ilikosea kuichukua kazi hii? Jibu linategemea upande wa kazi unaotazamwa. Kupeleka sauti kutoka kijiji hadi kijiji kulikuwa ni kubeba, kama upagazi, na simu ilibeba mbali zaidi na kwa haraka zaidi. Hakuna mgonjwa wa Isangi ambaye angependa daktari aitwe kwa gogo badala ya simu. Lakini mpigaji alikuwa pia mtunzaji wa vifungu, mjuzi wa nasaba na mtu aliyewajibika kwa usahihi wa alichokitangaza. Upande huo simu haikuuchukua. Uliachwa tu, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba kazi moja ilikuwa na pande mbili. Kosa, kwa hiyo, halikuwa katika kuipokea simu. Lilikuwa katika kudhani kwamba mwenye kuchukua sauti amechukua na maana.

4.0 Mkalimani: nani atajibu?

Lokole ilikuwa na mpaka mmoja ambao haukuweza kuvukwa kwa ufundi wowote. Kiswahili, kilicholetwa Kisangani na misafara ya akina Tippu Tip, si lugha ya toni, na kwa hiyo hakiwezi kupigwa kwa njia ya Kilokele. Ujumbe wa liwali au wa ofisa, ili ufike mtoni, ulipaswa kwanza kupita kinywani mwa mtu ajuaye lugha zote mbili. Katika mji ambapo Kiswahili cha kutoka juu ya mto kilikutana na Kilingala cha kutoka chini, na pande zote mbili zikakutana na Kilokele, Kigenya, Kimbole na nyinginezo, mkalimani alikuwa nguzo ya utawala, biashara na mahakama.

Wageni walijitahidi kupunguza utegemezi huo. Stapleton alichapisha Yakusu mwaka 1903 kitabu cha kulinganisha lugha za Kongo, na akina Whitehead walitoa Wayika mwaka 1928 mwongozo wa Kingwana, yaani Kiswahili cha upande wa magharibi. Vitabu hivyo viliwasaidia maofisa na wamisionari, lakini havikumwondoa mkalimani. Kitabu hutoa neno, na neno halitoshi pale ambapo maisha ya mtu yanategemea alichokusudia kusema.

Uzito wa jambo hili haujapungua. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, na kifungu chake cha 18 kinadai kwamba kila anayekamatwa aelezwe sababu za kukamatwa kwake katika lugha anayoielewa. Kisangani yenyewe ina hesabu nyingine. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005 kwa matendo ya jeshi lake nchini Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 iliamuru ilipe dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Kiasi hicho kilitolewa kwa jumla, si kwa kuhesabu mtu mmoja mmoja, kwa kuwa ushahidi uliowasilishwa haukutosha kufikia idadi kamili. Kwa maneno mengine, mambo ambayo hayakuandikwa vizuri na kuthibitishwa kwa wakati wake yaliathiri hukumu miaka ishirini na zaidi baadaye.

Katika mazingira hayo akili bandia inakuja na ahadi kubwa. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitangaza mfumo wa kutafsiri lugha 200 hivi, na lugha zote nne za taifa la Kongo zimo. Kilokele hakimo. Mtu anaweza kujibu kwamba orodha itarefushwa. Lakini hata pale lugha ilipo, shaka inabaki. Kiswahili kilichoandikwa kwa wingi, ambacho ndicho chakula cha mashine, ni kile cha Tanzania na Kenya. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kutosha ni kutoa au kuondoa. Mwanamke akisema kwamba “askari walitosha batoto ndani ya nyumba”, anashuhudia kwamba watoto walitolewa nje na askari. Mashine iliyofundwa kwa Kiswahili sanifu ina sababu ya kuandika kwamba askari walikuwa wa kutosha. Ushahidi wa kosa la kutisha utageuka kuwa hesabu ya askari, na maandishi yatakuwa safi, yasiyo na alama ya kusitasita.

Hapa tofauti iliyotajwa juu inajitokeza. Mpiga lokole alipokutana na shaka, aliongeza maneno mpaka shaka iondoke. Mashine inapokutana na shaka, huelekea kwenye maneno yenye uwezekano mkubwa kuliko mengine, na msomaji haoni kwamba palikuwa na shaka. Wanaosema kama wengi hawaumii sana. Wanaosema kama wachache, yaani watu wa Kisangani, Isangi na Ubundu, ndio watakaosikika vibaya. Mkalimani mzuri humgeukia msemaji na kuuliza, “Mama, unamaanisha waliwatoa?” Swali hilo fupi ndilo kazi yenyewe.

Inaweza kupingwa kwamba wakalimani hawakuwa malaika. Pingamizi hilo ni la haki. Katika makoloni mengi ya Afrika mkalimani aliogopwa kuliko ofisa, na wapo waliopokea hongo, waliopotosha maneno na waliojitajirisha kwa ujinga wa pande zote mbili. Mashine haili hongo wala haina ndugu mahakamani. Hata hivyo, mkalimani aliyepotosha aliweza kuitwa, kuapishwa, kuhojiwa mbele ya aliyemdhulumu, na kuadhibiwa. Kosa lake lilikuwa na mwenyewe. Kosa la mashine halina wa kusimama kizimbani, kwa maana aliyeitengeneza yuko mbali, aliyeinunua husema hakuitengeneza, na aliyeitumia husema aliiamini. Kuondoa mtu asiye mwaminifu na kuweka kitu kisichoweza kuulizwa si kuponya ugonjwa, bali ni kuuficha.

5.0 Hitimisho

Historia ya kazi hizo tatu inatoa vipimo vinavyoweza kutumiwa nje ya Kisangani pia. Pale ambapo binadamu ametumiwa kama mgongo tu, mashine na ije, mradi ijulikane nani ataiendesha na nini kitatokea siku itakapoharibika. Pale ambapo kazi ina upande wa kubeba na upande wa kujua, pande hizo zitenganishwe kwanza. Mashine ipewe kunakili, kupanga, kutafuta na kutoa rasimu, na ujuzi uhifadhiwe kabla ya mwenye nao kuacha kazi. Pale ambapo neno la mtendaji humfunga au kumfungua mtu mwingine, kama katika kutoa hukumu, kumpima mgonjwa, kumtahini mwanafunzi au kupokea ushahidi wa aliyedhulumiwa, mashine iwe msaidizi wa mtu anayetia sahihi na anayeweza kuitwa kujieleza. Isiwe badala yake.

Kwa idara za lugha kazi iliyo karibu zaidi iko wazi. Kiswahili cha Kisangani kinahitaji kurekodiwa na kuelezwa jinsi kinavyosemwa, na wakalimani wa mahakama wanahitaji kufundishwa, kulipwa na kusimamiwa. Vifungu vya lokole vilivyosalia Isangi na Yakusu vinahitaji kuandikwa pamoja na toni zake, wakati wapo bado wazee wanaoweza kusahihisha maandishi. Mashine haitaweza kuvibuni upya vikishapotea, wala haitajua kwamba vilikuwapo.